Nyumba ya Muratori, Wattaya

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, hapa nyumbani kwangu Mabela, binti yangu alinisogezea simu yake akasema, "Mama, hebu tazama." Alikuwa amefungua ramani ya dunia, ile ambayo ukiandika jina la ukoo inakuonyesha wenye jina hilo wanaishi wapi. Alikuwa ameandika Muratori, jina la babu yangu mzaa mama. Ramani ikajaa madoa. Kaskazini ya Utaliana ilikuwa nyekundu tupu, kisha Ufaransa, Ajentina, Brazili, Marekani, na huko Australia nako kuna doa. Akaivuta kwa vidole mpaka ikatufikia sisi. Omani nzima ilikuwa nyeupe kama shuka iliyotoka kufuliwa.

"Kumbe hatupo," akasema.

Nilimrudishia simu yake nikaenda jikoni kubandika chai, lakini roho haikutulia. Hatupo vipi? Tulikuwepo, mwenzangu. Na kwa kuwa ramani haijui, acha nikusimulie mimi.

Nyumba yetu ilikuwa Wattaya, hapa hapa Maskati, kabla maduka ya magari hayajaijaza barabara kuu kwa vioo vyake. Ilikuwa nyumba ya chini, ya rangi ya maziwa, yenye ua na mkunazi mmoja. Bibi ndiye aliyekuwa Muomani wa asili. Wazee wake waliondoka huku zamani wakafungua duka Pangani, na yeye akazaliwa huko, akaolewa huko. Nchi hii ilipofunguka na watu wakaanza kurejea, naye akarejea, akamleta mumewe na binti zake. Babu alikuja mgeni kabisa. Mama yake alikuwa mwanamke wa Pangani, na baba yake alikuwa Mtaliana, mwashi aliyekwenda Tanganyika kujenga nyumba kwenye mashamba ya mkonge, akasilimu, akaoa, na hakurudi kwao tena.

Babu naye alikuwa mwashi. Nadhani unajua kwamba kwetu mwiko ni wa mpishi na mwiko ni wa mwashi. Basi nyumba ile ilikuwa na miiko miwili, na mimi nimelelewa kati yake. Alfajiri nilikuwa nikisikia wa bibi ukigonga ukingo wa sufuria, anapika uji wa mchele au anasonga halua ya tende, na huku uani wa babu unakwaruza ndoo, anasafisha saruji ya jana kabla gari la kazini halijamfuata. Bibi alikuwa akisema, "Nyumba hii haina njaa wala haina ufa." Kazi yangu mimi ilikuwa kuukunja uzi wa timazi, ule wa kupimia kama ukuta umenyooka, bila kuuacha ufanye fundo, kisha kumfungia babu chakula chake: mkate wa kumimina, kipande cha papa mkavu, na chupa ya chai ya tangawizi.

Usiku wa kuamkia Ijumaa babu ndiye aliyepika. Akisonga ugali laini, akautia siagi na jibini, akaumwaga juu ya ubao mpana ukatandazika kama mwezi mpevu. Ukipoa kidogo alichukua uzi safi, akaushika ncha mbili, akaupitisha chini ya ugali na kuuvuta juu, na kipande kikakatika sawasawa kama tofali. Watoto wa majirani walikuwa wakija kutazama. Jirani yetu wa Kibaluchi, mwanamke mcheshi, alikuwa akichungulia mlangoni akisema kwa Kiswahili chake cha kujifunza kwetu, "Leo Muratori anajenga ugali!" Babu alitueleza kuwa hivyo ndivyo baba yake alivyokula utotoni kwao. Alipofika Pangani akakuta watu wanakula ugali, alikaa chini akacheka peke yake. Alikuwa amekwenda mbali vile, akakikuta chakula cha mama yake kinamngojea.

Habari za jina nilizipata kwa sababu ya shule. Mwalimu alitutaka kila mmoja aseme kabila la baba na kabila la mama. La baba lilipita bila neno, ni kabila linalojulikana. Nilipotaja la mama, msichana mmoja akauliza hilo ni kabila au ni chakula. Toka siku ile nikawa naitwa Makaroni. Nilirudi nyumbani nimevimba macho.

Babu hakunibembeleza. Alinipakia garini akanipeleka Azaiba, kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga. Akaniambia niweke kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa bado na ubaridi wa maji.

"Umeushika?" akaniuliza. "Basi umeshika jina lako. Kwa Kitaliana ukisema *muratori* umesema waashi. Si kabila, si ufalme. Ni watu wa kujenga kuta."

Akaniambia kwamba kwao baba yake, pande za Modena, ardhi ni ya udongo wa matofali, na kila mji ulikuwa na waashi wake. Watu walipoanza kuandikwa kwa majina ya ukoo, mwashi wa mji huu akaandikwa Muratori na wa mji ule akaandikwa Muratori, wala hawakuwa ndugu. Jina lilizaliwa mara nyingi, huku na huku, kama uyoga baada ya mvua. Kisha kazi ikapungua wakatawanyika. Ami yake mmoja babu alivuka bahari kwenda Ajentina. Binamu za baba yake walikwenda Brazili, wengine Ufaransa. "Kila palipotakiwa ukuta wakaenda," akasema. "Baba yangu akaenda Pangani. Mimi nimekuja Maskati. Sasa kamwambie huyo msichana kwamba shule anayosomea ina kuta."

Nilimwambia. Hakuacha kuniita Makaroni, lakini mimi niliacha kulia.

Sasa ikaja habari ya mama mdogo. Yeye ndiye kitinda mimba wa bibi, mrefu, mwenye sauti nzito kidogo, akifanya kazi wizarani. Akaposwa na kijana wa watu wa Unguja waliorejea kama sisi, ukoo mkubwa, wenye jina. Kijana mwenyewe alikuwa hana la kusema ila ndiyo. Mama yake ndiye aliyekuja kuangalia.

Alikuja alasiri, amejifukiza udi mpaka sebule ikabadilika harufu. Bibi akamkaribisha kwa halua na kahawa. Wakasalimiana, wakaulizana wa Mkunazini kule Unguja na wa Pangani, wakawarehemu maiti wao. Mimi nilikuwa nikipita na sahani ya vitumbua, kwa hiyo nilisikia.

"Bibi harusi mashaallah," akasema yule mgeni. "Ila sisi twataka kujua tu, baba yake ni wa wepi? Watu wataniuliza."

"Ni mtoto wa Muratori," bibi akajibu.

"Hao ndio kina nani?"

"Ndio sisi," bibi akasema, na akamsogezea kitumbua.

Mgeni aliaga kwa adabu zote. Kisha nyumba yao ikawa kimya. Haikuja simu, hakuja kijana. Mama mdogo alikwenda kazini na kurudi, akafua, akapiga pasi, na usoni hakuonyesha kitu. Lakini niliona anapiga pasi nguo ambazo tayari zimenyooka.

Ndipo alipokuja mjomba wake bibi, mzee wa kabila lao, aliyeheshimiwa na wote. Alikuwa amesikia. Alikaa na babu sebuleni, mlango wazi, nasi tuko uani tunachambua mchele.

"Mkwe wangu," akaanza, "wewe ni mtu wetu. Umeoa kwetu, watoto wako ni damu yetu. Jiandike kwa jina letu, wewe na binti zako. Nnakupa mimi kwa mkono wangu, na hapana atakayekuuliza tena."

Fahamu, mwenzangu, kwamba jambo lile halikuwa dogo wala halikuwa la dharau. Mzee yule alikuwa akimpa babu kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo. Bibi aliacha kuchambua. Mama mdogo alisimama mlangoni pa jikoni, mikono ina povu.

Babu aliweka kikombe chake chini, akasema, "Mjomba, nashukuru, na neema hii siisahau. Lakini Mungu ametuambia watu waitwe kwa baba zao. Baba yangu aliacha kwao, akaacha dini ya wazee wake, akaacha lugha yake. Waingereza wakamfungia wakati wa vita kwa kuwa Mtaliana, akatoka akarudi Pangani akaendelea kujenga. Hakuniachia nyumba wala shamba. Kaniachia jina. Nikilivua, yeye ndiye nnayemuacha uchi."

Babu akageuka akamtazama mama mdogo pale alipo. "Ila anayeolewa ni wewe, mwanangu. Useme wewe."

Mama mdogo akajifuta mikono kwa kanga. "Wakinitaka, baba, watanitaka na jina langu. Wasiponitaka, kazi nnayo."

Yule mzee akatikisa kichwa taratibu, akaomba kahawa nyingine. Alipoondoka alimpa babu mkono akaushikilia muda mrefu. Toka siku ile, kila akija kwetu, akibisha hodi alikuwa akisema, "Hodi kwa Muratori."

Kimya kiliendelea. Mwezi ukaandama, mwingine ukaandama. Hata siku moja, jua limeshapunguza ukali, nikasikia mtu mlangoni. Alikuwa baba yake yule kijana, peke yake, kanzu nyeupe, kilemba kimefungwa vizuri, jasho linamtoka. Alikuwa ameliacha gari mbali kwa kutoijua nyumba. Babu alikuwa juu ya ngazi anapaka chokaa ukuta wa ua, akateremka vile vile na mikono yake myeupe.

"Sikupi mkono, ntakuchafua," babu akasema.

"Nipe tu," akasema mgeni, na akaushika. Kisha akasema maneno ambayo bibi aliyarudia mpaka alipokufa. "Mke wangu aliuliza jina. Mimi nimekuja kuuliza mtu. Kule barabarani nimemuuliza mwenye duka kwa Muratori ni wapi, akanifungia duka akanisindikiza nusu ya njia. Nikamuuliza mtoto, akanishika mkono mpaka hapa. Mimi kabila langu liko kwenye vitabu, bwana, lakini mtaani kwangu ukiniulizia sijui kama utanipata."

Akaingia ndani na mkono wake wenye chokaa, akanywa kahawa kwa mkono ule ule. Usiku ule mama mdogo aliimba jikoni.

Nikahi ilisomwa nyumbani kwetu. Sebule ilijaa wanaume, viatu vimefika mpaka chini ya mkunazi. Sisi watoto tulijibanza nyuma ya pazia, na wanawake chumba cha pili wamenyamaza kusikiliza. Kadhi alikuwa kijana wa bara ya Omani, hajui Kiswahili, ametuletea Kiarabu safi. Alipofika kwenye jina la bibi harusi na baba yake akasita, akasoma, "Al-Muradi."

Kabila la kujulikana. Ni kosa la herufi mbili tatu, na lingeweza kupita. Nilimuona mjomba wa bibi akimtupia babu jicho.

"Muratori, shekhe," babu akasema.

Kadhi akajaribu tena, akakosea. Mtu akacheka kidogo. Ndipo baba yake bwana harusi, aliyekaa karibu na kadhi, akalitamka yeye kwa sauti, silabi moja moja, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Mu-ra-to-ri." Kadhi akalirudia, safari hii sawasawa, na sebule nzima ikaitikia *mashaallah*. Chumba cha pili bibi akapiga kigelegele kabla ya wakati wake, wala hapana aliyemnyamazisha. Babu alikuwa amekaa amenyoosha mgongo, utadhani amepimwa kwa timazi.

Babu amezikwa hapa Maskati. Makaburi yetu, kama ujuavyo, hayaandikwi. Ni jiwe la kichwani na jiwe la miguuni, hata jina lake halimo. Nyumba ya Wattaya imebomolewa. Zile alizojenga Azaiba nyingi zimeshapisha nyumba za ghorofa, na zilizobaki zimepakwa rangi za watu wengine. Babu hakuzaa mtoto wa kiume. Sisi wajukuu tuna makabila ya baba zetu, na ni makabila mazuri, siyakani. Ugali wa kukatwa kwa uzi nimewapikia wanangu, wakaula kwa heshima yangu tu. Jirani wa Kibaluchi amekufa, mzee mjomba amekufa, na hodi ile haibishwi tena mlango wowote wa mji huu. Waliobaki na jina ni mama yangu na mama mdogo.

Wiki iliyopita nilimpeleka mama mdogo hospitali kwa ajili ya magoti yake. Chumba cha kungojea kilijaa. Muuguzi, msichana mdogo wa Kiomani, akatoka na karatasi, akaita jina la kwanza, kisha akaliangalia la mwisho kwa mashaka. "Mu... Muratori?"

Watu wakageuka. Mama mdogo akaweka shela yake sawa, akaikamata fimbo, akajibu kwa sauti yake ile nzito, "Naam, binti yangu, ndiye mimi," na akasimama. Nami nikasimama pamoja naye, ingawa sikuitwa.