Visugulio Vyangu na Mtungi wa Mama Mkwe

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nimeuona mto Kilombero ukiingia ndani ya nyumba na kutoka na kitanda. Nimeiona vita ya maji, ile ya kupigana na Mdachi, na njaa iliyokuja nyuma yake, tulipochimba mizizi porini pamoja na nguruwe, na nguruwe ndio waliokuwa wanene. Nimemwona Mdachi mwenye bastola kiunoni akilia kwa sababu ya jino. Kwa hiyo siku hizi dereva akishuka kwenye motokaa yake, akanionyesha kitambaa kimoja kichafu anachosugulia gari zima, kisha akaniuliza mbona gari limejaa mikwaruzo kama limepigana na paka, mimi sishangai. Namwambia, “Kijana, gari halina kosa. Hebu nione kisugulio chako.”

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Shule niliiona kwa nje, na kusoma nilianza kwa kutazama maandishi ya magunia. Lakini kisugulio nakijua kuliko anavyonijua mke wangu. Ni mto mdogo wa kutosha kiganja, nje kitambaa cha merikani kilichofuliwa mpaka kikalainika, ndani sufi. Wa kwanza niliushona mimi, hapa Ifakara, wakati boma lilipojengwa upya baada ya vita.

Siku zile mwanamume akionekana ana mabega, amepata mzigo. Askari walikuwa wanakamata watu njiani, na safari ni ya mlimani mpaka Mahenge. Wengine walirudi na mgongo uliopinda, wengine hawakurudi. Mimi nilikuwa kijana wa Mofu, mtoto wa wavuvi, na mabega yangu yalikuwa yanaonekana kutoka mbali. Nikajiambia, wewe mwenye akili, tafuta kazi ya mikono kabla hawajakupa kazi ya kichwa.

Pale bomani kila kitu chenye heshima kilikuwa cha shaba: vifungo, taa, na tarumbeta. Aliyekuwa akiving'arisha alikuwa ombasha mmoja, askari mwenye cheo kidogo, mtu wa mbali, aliyetumia kitambaa kimoja kwa kazi zote, pamoja na mchanga wa mtoni. Shaba yake iling'aa kama jicho la samaki wa jana. Mimi nikaanza kuwasugulia askari vifungo vyao kwa ukwaju, majivu laini na mafuta ya nyonyo. Bwana wa boma akaviona, akaniita. Akasema bwana mkubwa anakuja kutoka pwani kukagua askari. Kama siku hiyo ataziona ndevu zake ndani ya tarumbeta, mimi nitakuwa fundi wa boma, wala hakuna atakayenitwika mzigo tena. Kama hataziona, kuna msafara unaosubiri kupanda Mahenge.

Ombasha alikuwa amesimama pale pale. Tulipotoka nje akaniambia, “Nenda kalale na mito yako, mtoto wa samaki. Mimi nakuchagulia mzigo wa misumari.”

“Nichagulie na wa kwako kabisa,” nikamjibu. “Utakuja kuniomba kazi.”

Sasa niwaambie siri, ingawa wengi mtaisikia na kuipuuza. Kung'arisha ni kazi ya kisugulio, siyo ya mkono. Cha ukwaju hakigusi mafuta. Cha majivu hakilali pamoja na cha kumalizia. Ukimaliza kazi unakisugua kwa gunzi la hindi ili uchafu ulioganda utoke, unakiosha kwa maji ya majivu yaliyochujwa, unakibana kati ya mbao mbili. Hukamui. Ukikamua, sufi inajiviringa vidonge ndani, na kisugulio kinakuwa mfuko wa kokoto. Kisha unakitundika kivulini kwenye upepo, mbali na vumbi, kikikauka unakiweka kwenye kibuyu chenye kifuniko. Vyangu vililala vizuri kuliko mimi.

Wakati huo nilikuwa ninaishi kwa wakwe zangu, upande wa Mlabani, maana nilikuwa sijamaliza kuwalimia badala ya mahari. Na kwa desturi yetu mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, wala hasemi naye ana kwa ana. Mkikutana njiani unaingia kwenye majani mpaka apite. Mkiwa na neno, linapita kwa mtu wa katikati, na akikosekana mtu mnamwambia mnyama au mti, mwenzako anasikia. Mwenye kuivunja desturi hiyo analipa.

Siku moja kabla ya mgeni, nilikwenda bomani kuichukua tarumbeta ili niimalizie nyumbani. Visugulio niliviacha uani vikiwa vichafu, nikijua nitaviosha nikirudi. Mke wangu alikuwa shambani akifukuza ndege kwenye mpunga. Niliporudi nikavikuta ndani ya kibuyu, vikavu, vyeupe kama yai. Nikajua mke wangu alirudi akanifanyia wema. Nikachukua kimoja, nikapitisha kwenye mdomo wa tarumbeta mara moja tu.

Kwaruu.

Mstari ukabaki pale, urefu wa ukucha, pale pale ambapo jicho la mtu huanzia. Nikakigeuza kisugulio juani. Kilikuwa kimejaa ncha za pumba, zimejishikiza kwenye nyuzi kama kupe. Mtu yeyote wa bonde hili aliyewahi kupura mpunga anajua pumba inavyowasha. Ngozi inajikuna na kusahau, lakini shaba haisahau. Basi nikaona mkeka wa mpunga uliokuwa umeanikwa uani, na katikati yake alama za unyevu, ukubwa wa kiganja, zimepangwa vizuri. Mtu alikuwa ameanika visugulio vyangu juu ya mpunga.

Nikahesabu. Kile laini cha kumalizia hakikuwamo. Bila hicho ndevu za mtu hazionekani ndani ya shaba hata awe nazo za mbuzi.

Hapo mama mkwe akatokea kisimani na mtungi kichwani. Na chini ya mtungi, mahali pa kata ya kutwikia, kimekaa kisugulio changu.

Nikageukia ukuta. Uani palikuwa na jogoo, nikamtumia huyo.

“Jogoo, mfikishie mama shikamoo yangu.”

Mama mkwe akasimama akitazama mgomba. “Jogoo, mwambie mkwe marahaba. Na umwambie vile vimito vyake nimemfulia. Vilikuwa vinanuka kama mguu wa mgonjwa.”

“Jogoo, mwambie mama asante sana. Lakini hicho alichotwikia mtungi ninakihitaji.”

“Jogoo, mwambie tangu niolewe sijapata kata laini namna hii. Aniachie nijaze maji kwanza, mitungi bado miwili.”

“Jogoo, mwambie mama sufi ikilowa chini ya uzito…”

Jogoo akaona kuku jike nyuma ya ghala, akaondoka mbio. Nikabaki mimi, mama mkwe na mgomba, na mgomba ulikuwa wa kwake. Jua limeanza kuinama. Tarumbeta ina mkwaruzo, na misumari ipo bomani ikiningoja. Nikageuka, nikamtazama mama mkwe machoni.

“Mama, nisaidie. Visugulio vimejaa pumba za mpunga wako. Kesho shaba hii isipong'aa, ninabebeshwa mzigo mpaka Mahenge.”

Akautua mtungi taratibu. Akasema, “Umenitazama.”

“Nimekutazama, mama.”

“Na umesema na mimi.”

“Nimesema.”

“Utalipa.”

“Nitalipa.”

“Haya,” akasema, akanirudishia kile kisugulio cha kichwani, akakaa chini na kuukunjua mguu. “Lete mwiba, tuzitoe hizo pumba. Nikuone na mzigo kichwani, binti yangu atalishwa na nani?”

Tukakaa pande mbili za mkeka, tukazichomoa kwa miiba moja moja kama mtu anayemtoa mtoto funza. Nikavisugua kwa gunzi, nikaviosha upya, nikavibana kwa mbao, nikavitundika kwenye kamba upande wa upepo. Mama mkwe akawa analinda mkeka wake usipeperushe kitu, akimfokea kila kuku aliyepita kwa jina la yule jogoo. Kabla giza halijaingia kila kimoja nilikijaribu kwanza kwenye kifungo cha zamani. Hapakuwa na sauti yoyote. Ndipo nikaurudia ule mstari: majivu, mafuta, majivu, kisha kile laini, mpaka kidole kikipita hakikuti kitu na jicho likitafuta halioni kitu.

Kesho yake bwana mkubwa alipita mbele ya askari kama mtu anayeharakishwa na njaa. Kwenye tarumbeta akasimama. Akainama, akajitazama, akasokota ndevu zake upande mmoja, kisha upande wa pili. Bwana wa boma akanitazama akatikisa kichwa kukubali. Tangu siku ile mpaka Mdachi alipoondoka nchi hii, hakuna mtu aliyenitwika hata kikapu. Nikasugua taa za wamisionari na mizani za Wahindi, sasa nasugua motokaa, na nyumba yangu ina bati. Ombasha yeye alikuja baada ya siku chache, akasimama mlangoni akikohoa.

“Fundi,” akasema, “hebu niazime kimoja.”

“Kimoja kwa kazi gani?”

“Kwa zote.”

“Basi fikiri kwanza,” nikamwambia, nikamwekea kigoda akae, maana moyo wangu siku hiyo ulikuwa mkubwa kama boma.

Mama mkwe akaja kudai haki yake, akiwa na kaka yake kama shahidi. Wakataka mbuzi jike, jembe na kaniki. Akaongeza na jogoo: yule yule, ambaye alikuwa mali yangu, achinjwe na kuliwa na wakwe peke yao kwa kosa la kuacha kazi katikati. Nikalipa nikicheka, na tangu hapo nikawa mkwe pekee Mlabani anayesalimiana na mama mkwe wake uso kwa uso. Pamoja na jogoo, ilinigharimu rupia nne na hela thelathini na tano.