Mfuniko wa Pipa la Mama Bene

Jina lake lilikuwa Benedicta, mwenyeji wa Bukoba, lakini katika jengo letu la Albert Park hakuna aliyethubutu kulitaja bila kutanguliza Mama. Mama Bene alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye gambuti nyeusi na sauti iliyopanda ghorofa nane bila lifti. Na ilibidi ipande bila lifti, kwa sababu lifti ilikufa kabla mimi sijafika Durban, na nilifika mwaka tisini na sita.

Kazi yake ilikuwa uchafu wetu. Alipiga deki ngazi, alizibua mitaro, aliweka sumu ya panya, na kila siku ya taka aliburura mapipa hadi barabarani kabla lori la manispaa halijapita. Ujanani alifagia wodi za hospitali moja ya misheni huko kwao, na tangu hapo alichukia uchafu kama watu wengine wanavyochukia nyoka. Ukitupa ganda la ndizi kwenye ngazi, alipanda nalo hadi mlangoni kwako, akakuuliza mbele ya wageni wako kama kwenu hamna jalala. Mimi Chacha ni mtu wa Tarime, na sisi wa Tarime tunasemwa kwa hasira za karibu, lakini mbele ya Mama Bene nilinywea kama mtoto aliyekojoa kitandani.

Kazi yake kubwa zaidi hakuna aliyemlipa. Alikuwa macho yetu. Vyumba vile vilijengwa kwa ajili ya watu wanne, sisi tulilala kumi, tukipokezana magodoro na wenzetu wa zamu za usiku kwenye viwanda vya Jacobs. Mwaka tisini na saba bwana afya alipanda na daftari lake, akahesabu magodoro ya ghorofa ya pili, na nyuma yake wakaja polisi kuuliza karatasi za kukaa nchini. Watu sita walipakiwa kwenye gari. Mmoja wao, Boniface, alikuwa ametoka bafuni, na aliondoka na kandambili. Nilikaa naye chumba kimoja. Viatu vyake vilibaki chini ya kitanda changu, na mpaka leo sijui alipo.

Baada ya siku hiyo Mama Bene akatuwekea utaratibu. Akimwona mtu wa afya anaegesha gari, au anavuka kwenye robot, taa za barabarani, na begi lake, anapiga mfuniko wa pipa mara tatu kwa mpini wa ufagio. Wenye karatasi wanabaki. Sisi wengine tunakunja magodoro, mguu niponye, hadi juu ya paa, nyuma ya matangi ya maji. Huko sheria ilikuwa moja tu, na aliirudia mpaka tukaiota: mtu asijibu akiitwa jina.

"Hata nikiwaita mimi mwenyewe, msijibu," alituambia. "Wanaweza kunishika shingo wakaniambia ita. Kaeni kimya mpaka msikie mfuniko mara moja."

Ghorofa ya saba aliishi Goreth, msusi wa nywele kutoka Burundi, pamoja na binti yake Ineza wa miaka mitatu. Baridi ya Juni tisini na nane ilimwachia Goreth kikohozi ambacho hakikuisha. Mama Bene alikisikia akiwa anapiga deki, akasimama na tambara mkononi. Alikijua. Kule wodini aliosha vikombe vya makohozi vya watu waliokohoa hivyo hivyo, na wengi wao hakuwaona wakirudi makwao.

"Mama Ineza, usiku unatoka jasho?"

"Natoka, Mama. Mpaka drap ya kitanda inaloa yote."

"Kesho unakwenda kliniki."

"Nitaenda namna gani? Papier yangu ilikufaga tangu mwezi wa tatu. Wataniuliza, wataita polisi. Halafu huyu mutoto atabaki na nani?"

Mama Bene akafanya jambo ambalo sote tulikuwa tukifanyiana bila kufikiri mara mbili. Alimwazima karatasi yake. Katika jengo letu karatasi moja iliweza kwenda kazini Jacobs Jumatatu na mtu mmoja, kisha Jumatano ikaenda Overport na mwingine, na Jumapili ikarudi kwa mwenyewe imekunjamana. Ya Mama Bene haikuwa na picha, kwa hiyo ilitembea sana. Goreth akaenda nayo, akaitwa Benedicta dirishani, akatema makohozi kwenye kichupa, akaambiwa arudi baada ya siku mbili kuchukua majibu.

Hakurudi. Alifika mpaka mlangoni, akamwona polisi amesimama ndani, akageuka. Baadaye tulikuja kujua kwamba yule polisi alikuwa amempeleka mwanawe kuchanjwa.

Wiki iliyofuata sista muuguzi wa kliniki alikuja mwenyewe, na mtu wa kwanza kukutana naye pale chini nilikuwa mimi. Alikuwa mama wa Kizulu, mrefu, mwenye sare nyeupe na faili kwapani.

"Namtafuta Benedicta," alisema. "Anaishi hapa."

"Hakuna mtu kama huyo," nikajibu upesi, kisha nikaenda nyuma kwenye mapipa kama niliyefukuzwa na mbwa.

"Mama, wanakutafuta. Wana jina lako kwenye faili."

Sikuwahi kumwona Mama Bene akiogopa kabla ya siku hiyo. Kwa akili yake, na kwa akili yetu sote, mambo yalikuwa wazi: wamegundua karatasi iliazimwa, sasa wanamtaka mwenye karatasi. Akaokota mfuniko, akaupiga mara tatu, na safari hii yeye mwenyewe akajifungia katika chumba cha mapipa.

Sista alirudi mara ya pili. Mfuniko. Akarudi mara ya tatu. Mfuniko. Mama Bene alikonda, akawa analala na karatasi ndani ya soksi. Tukisikia breki za gari barabarani tulitazamana bila kumaliza sentensi. Goreth naye aliapa hatakanyaga tena kliniki, na kila tulipokimbilia paani alizipanda ngazi za mwisho kwa magoti, mimi nikiwa nimembeba Ineza. Kati yetu sote hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu wa kukamata watu aje peke yake, na faili tu.

Mara ya nne ilikuwa Alhamisi saa nne asubuhi. Mama Bene aliliona lile gari jeupe likipinda kona, akapiga mfuniko, tukapanda. Asichojua ni kwamba sista alikuwa amechoka kuingilia mbele. Alizunguka kwa kichochoro cha nyuma, akamkuta amesimama na mfuniko mkono mmoja, ufagio mkono mwingine. Haya alinisimulia Mama Bene mwenyewe.

Sista aliutazama mfuniko. Akautazama na ufagio.

"Kumbe ni wewe unayepiga ngoma," alisema, kwa Kiingereza chenye Kizulu ndani yake. "Wewe ndiye Benedicta?"

"Hapana, Sista. Mimi nafagia tu."

"Basi ukimwona mwambie ana TB ya mapafu. Vijidudu ni vingi sana kwenye kile kichupa. Bila dawa hamalizi mwaka. Na kama ana mtoto mdogo, mwambie mtoto anaweza kutangulia."

Mama Bene alisema alijikuta amekalia pipa. Alifikiria karatasi iliyokuwa kwenye soksi, miaka saba aliyokaa nayo, na Boniface na kandambili zake. Akamfikiria Ineza. Kisha akainyoosha mikono yake yote miwili mbele, kama mtu anayesubiri pingu.

"Benedicta ni mimi, Sista. Makohozi si yangu. Nilimwazima mgonjwa karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Ya kukaa. Ili mumtibu."

"Eish, Mama," Sista alisema. "Nani aliwaomba karatasi? Sisi tunaandika jina na anuani ili tukimkosa mgonjwa tujue pa kumfuata. Mgonjwa yuko wapi?"

Mama Bene alikuwa ameshaanza kupanda ngazi, mfuniko ameusahau chini.

Sisi huko juu hatukujua lolote. Tulikuwa tisa nyuma ya matangi, upepo wa baharini unatupiga, na mfuniko haujalia ile mara moja ya kutuita. Goreth alikuwa ameuma kitenge chake ili kikohozi kisitoke, macho yamemtoka, mabega yanaruka. Ndiyo maana mtoto nilikuwa naye mimi. Nilimpakata, kiganja changu kimeziba mdomo wake, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hajui sheria ya kukaa kimya.

Mlango wa paa ukagonga ukuta. Tukasikia gambuti, tukasikia mtu anayehema, na nyuma yake viatu vingine, vigumu, vya mgeni.

"Mama Ineza!" Mama Bene aliita. "Goreth! Toka, mwanangu, dawa ipo!"

Hakuna aliyejibu. Tuliwaza jambo lile lile: wamemshika shingo. Goreth alinitazama kuniuliza, na mimi, Mungu anisamehe, nikatikisa kichwa. Sikuwa na karatasi yoyote. Mwenye viatu vigumu akimwona Goreth atatuona na sisi, na nilikuwa nimevitazama viatu vya Boniface siku za kutosha.

"Chacha! Hata wewe?" Sauti yake ilipasuka. "Nawaomba! Nilikosea mimi! Jibuni!"

Tukakaa kimya, kama alivyotufundisha. Nikasikia viatu vigumu vikigeuka kurudi ngazini.

Ndipo Ineza alipokohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilitoka chini kabisa, kizito, kile kile cha mama yake, na kilinijia chote kiganjani. Mkono wangu ukalowa na joto lake. Nilimtazama Goreth na kuona kwamba hakushtuka, alikuwa anakijua, labda kwa wiki nzima. Machozi tu yalikuwa yanamtiririka juu ya kitenge.

Niliogopa siku ile kuliko siku zote za maisha yangu, na sikuogopa polisi. Nikautoa mkono mdomoni mwa mtoto, nikasimama naye nje ya kivuli cha tangi.

"Tuko huku, Mama Bene," nikasema. "Na mtoto pia anakohoa."