Matawi ya karafuu mezani

Jamani, leo yamenikuta.

Leo wakwe zangu wamekuja kula mchana. Nikaoka trei ya mbatata na nyama ya kusaga, harufu mpaka kwa jirani. Na msimu wa karafuu ndio huu, nikasema meza nayo ipendeze. Nikavunja vitawi vitatu vya mkarafuu wa nyuma ya nyumba, nikavitia kwenye jagi.

Nikapiga na picha 🙈

Mama mkwe alitangulia kuja; baba mkwe kaingia baadaye, kaliona jagi, kasimama.

Mkarafuu ule ni wake. Mchumaji akivunja tawi lake hata kwa bahati mbaya, harudi tena shambani; mzee anasema tawi likivunjwa, mti hugoma kuzaa.

"Nani kayavunja haya?"

Mume wangu kainamia sahani. (Tutaonana.) Mimi nikajifanya napakua.

"Mimi," akasema mama mkwe. "Nimemvunjia mkwe wangu."

Mzee akakaa. Akala, akaongeza mara mbili.

Nikajua nimepona.

Mlangoni mama mkwe akaninong'oneza: "Mwanangu, mwakani mti ule usipozaa, nitamwambia ukweli."

Nyinyi mngefanyaje? Mimi niko nyuma hapa, nishaumwagilia mara mbili.