Kurasa Zilizofunuliwa Gizani

Bi Khawla amesomesha darasa la tatu Kikwajuni muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya wanafunzi wake wa mwanzo sasa ni mabibi, na bado wakimwona njiani huficha mikono nyuma. Si mtu wa kustaajabu ovyo. Waziri akitembelea skuli, husema "karibu". Mvua ikipasua bati, husema "sogezeni madeski".

Kuhusu Mayasa alisema kama walivyosema wote: mtoto anamlilia mamake. Mama alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani, baba keshaoa kwengine, na Mayasa, mwenye miaka tisa, akabaki Mkunazini kwa bibi yake, Bi Ulfat. Zamu ya kusoma ikikaribia deski lake, machozi humtoka. Darasa zima lilijua adabu: mmoja humpa kitambaa, mwengine humpisha, mwalimu humwambia akanawe uso, na akirudi zamu imeshapita. Watu wa mji huu ni hodari wa kumstiri mwenzao. Wanaweza kumstiri mtu mpaka asionekane kabisa.

Muhula ulipokaribia kwisha, Bi Ulfat aliamua bintiye wa Maskati avunje mkataba arudi, maana mtoto hasomi kwa majonzi. Alingoja neno la mwalimu tu, na kwa kuwa hamwombi mtu neno bila ya kwanza kumlisha, akamwalika kwenye maulidi ya wanawake, Ijumaa baada ya alasiri.

Ukumbi wa kati wa nyumba ile ya kale hauna dirisha. Udi ulifukizwa, wanawake wakakaa mikekani, vitabu mkononi. Zamu ilipomfikia Mayasa, Bi Khawla alijitayarisha kwa machozi. Hayakuja. Mtoto alifungua kitabu akasoma Kiarabu kwa sauti nyembamba iliyonyooka, kila herufi na haki yake. Kumbe anasoma!

Ndipo umeme ukakatika.

Mtu akaguna, mwengine akapapasa simu asiipate. Mayasa hakunyamaza. Aliendelea pale pale, na wanawake wakaanza: "Mashaallah! Kahifadhi!" Mmoja akalia. Bi Khawla, aliyekaa ubavuni kwake, akasikia kitu chengine: karatasi. Mtoto alikuwa akifunua kurasa. Gizani, taratibu, kila baada ya kituo, kama msomaji yeyote.

Aliyehifadhi hana haja ya kufunua, na anayesoma hawezi kusoma gizani. Anayefunua gizani ni yule ambaye kwake ukurasa, taa iwake isiwake, ni ule ule.

Umeme uliporudi, kitabu kilikuwa kimeshafika kwenye dua za mwisho, na mdomo wa Mayasa bado uko katikati ya safari. Hakuna mwengine aliyeona. Walikuwa wakifuta macho.

Jikoni, Bi Khawla akamvuta kando.

"Mwanangu, umeyapata wapi yale?"

"Kwa kina Bibi. Wanasoma kila mwaka."

"Kwa kusikia tu?"

"Hata kitabu cha skuli nnakijua chote. Lakini kila siku mnaanzia pengine, hapo nnapotea."

"Ndo unalia?"

"Nkilia hamnambii nisome."

"Na herufi?"

"Hazikai, Mwalimu. Nkiishika moja, nyengine imeshahama."

Bi Khawla akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, jambo asilolifanya katika nyumba za watu. Kitabu kizima cha lugha asiyoijua, kitabu kizima cha skuli, mwendo wa zamu za darasa, saa ya kutoa machozi: vyote ndani ya kichwa ambacho yeye mwenyewe alitaka kukirudisha darasa la pili. Alijaribu kumkumbuka mtu mzima anayefanya kazi nzito kama ile. Akamkosa.

"Basi ntamwambia Bibi ni herufi."

Hapo Mayasa akalia kweli, kwa kwikwi na makamasi. "Usimwambie! Akijua ni herufi, mama hatorudi!"

Bi Ulfat akaingia na sinia. "Haya Mwalimu, nambie. Nimwite mwanangu?"

"Mjukuu wako hajui kusoma, Bi Ulfat."

"Hajui! Na yale aliyosoma hata tukalia?"

"Kayasikia kwenu."

"Yote?"

"Yote."

Sinia likatuliwa chini polepole. "Subhanallah. Kwa hiyo si mamake anayemliza?"

Mayasa akamtazama mwalimu.

"Na mamake pia," akasema Bi Khawla. "La herufi niachieni mimi, ntakaa naye peke yetu. Mtoto anamtaka mama kwa sababu ni mamake. Hata angekuwa wa kwanza darasani, angemtaka. Mwambie hivyo."

Bi Ulfat akaishika simu karibu na mdomo, akarekodi ujumbe kwa kelele kama anayeita ng'ambo bila ya simu: "Mwanangu! Mtoto hajui kusoma, ana akili ya kutisha, na anakutaka!"

Jibu la sauti likaja kabla ya biriani kupoa. Mama alianza, akakohoa, akasita, kisha akasema anaomba ruhusa, hatovunja mkataba, lakini mwezi wa Rajabu atakuwa hapo, na Mayasa asilie.

"Tena," akasema Mayasa.

Wakaipiga tena ile sauti. Bi Khawla akamwangalia midomo. Mara ile ya pili mtoto alikuwa akienda sambamba na mamake, neno kwa neno, hata kile kikohozi.