Paa Lililotoka Jasho

Nakumbuka asubuhi moja pale Kaole, mama mkwe wangu alipodondokewa na tone la maji puani, na nje hakuna hata wingu. Mwanangu, usicheke bado.

Nilikuwa kijana, nimeoa mwaka ule, na mke wangu Mwanaidi alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Kwa desturi angejifungulia kwa mama yake, Mbegani, akae huko arobaini nzima. Mimi ni mtu wa nyumbani; hata Msata kwangu ni ughaibuni, seuze kulala wiki sita peke yangu! Nikamsihi abaki. Mama mkwe akasema sawa, lakini ataikagua nyumba kwanza.

Nyumba ilikuwa na mabati mapya na joto la kuivisha mkate. Basi mimi, na kidato changu cha nne, nikajifanya fundi. Nikapiga dari, nikajaza juu yake makumbi ya nazi yaliyotoka kulowekwa, mabichi bado, nikayashindilia mpaka yakagusa bati. Kisha nikaziba kwa saruji matundu yote chini ya ukingo wa paa, joto likose pa kuingilia. Wiki ya kwanza, ubaridi kama msikitini. Nikatamba mtaa mzima.

Miezi miwili baadaye mama mkwe akaja kukagua, ndipo likaja lile tone.

Mama mkwe hakusema nami moja kwa moja. Ndiyo heshima ya ukwe. Maneno yalipitia kwa bintiye, ingawa sote tulikuwa chumba kimoja.

"Mwanaidi, muulize mumeo, mvua yake hunyesha ndani tu?"

"Mwambie mama ni bati tu linatoka jasho," nikajibu, nami nikilishinda bati kwa jasho.

"Mwambie apande akaangalie."

Nikapanda. Lo! Kenchi, zile mbao zinazobeba bati, zimeota ukungu mweupe, makumbi yananuka, na ubao mmoja nilioushika ukamegeka kama biskuti. Nikashuka na kipande chake mkononi.

Mama mkwe alikuwa muuza dagaa. Akasema, macho ukutani: "Mwambie, dagaa nikiwatia guniani hawajakauka, nikafunga mdomo, natupa gunia zima. Mbao nazo zinataka hewa. Mjukuu wangu halali ndani ya gunia la dagaa."

Nilifanya kazi wiki nzima kama niliyeajiriwa. Nikazibua matundu, nikatoboa mengine juu karibu na kilele, nikayatia wavu popo wasihamie. Makumbi nikayaanika mpaka yakakauka kau, nikayatandaza juu ya dari tu, nikaacha nafasi ya mtu kutambaa chini ya bati. Mbao mbovu nikabadilisha.

Mama mkwe akarudi, akakaa palepale, akatazama juu mpaka chai ikapoa. Kisha, kwa mara ya kwanza, akanigeukia mimi.

"Baba, sasa inapumua. Mtoto azaliwe hapa. Na mimi nahamia, arobaini yote!"

Niliomba mke abaki, nikaongezewa mkwe. Nilitaniwa siku arobaini, na sijapata kufurahi vile.

Basi mwanangu, unayeezeka sasa: zuia joto kwenye dari, lakini mbao ziachie hewa, iingie ukingoni itokee kileleni. Usifunike kitu kibichi. Na panda ukague mwenyewe, kabla mkwe hajakupandisha. Mola akujaalie nyumba yenye ubaridi, kenchi kavu, na watu wa kukucheka chini yake. Amina.