Bibi yangu alikubali kwenda Rio na Buenos Aires, Kigoma akakataa (Rumonge, wakati wa vita)

Wakuu, amahoro.

Muda mrefu humu nimekuwa msomaji tu, leo nimeamua kuandika. Haya yalinikuta mimi na watu wangu. Chumvi siongezi, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Juzi kuna mkuu alianzisha uzi anaomba ushauri. Ana siku chache, anataka kuona Rio de Janeiro na Buenos Aires kwa safari moja, sasa agawe vipi siku zake. Mkamjibu vizuri tu: viza, hoteli, msimu wa baridi.

Mimi nilicheka peke yangu jikoni, halafu machozi yakanitoka.

Safari hiyo nilishaipanga zamani. Niliipanga na bibi yangu, tukiwa Rumonge, Burundi, risasi zinalia milimani.

Tulieni niwaeleze.

Kwa wasiopajua, Rumonge ni mji wa kando ya Ziwa Tanganyika. Ziwa mbele, milima nyuma, michikichi katikati. Wakati huo milimani kulikuwa na watu wenye bunduki, barabarani wengine wenye bunduki, na sisi katikati na mawese yetu. Ikishafika alasiri kila mtu yuko ndani kwake, mlango umefungwa.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na Bibi Tausi, mama yake baba, ndiye aliyenilea. Nilikuwa nimemaliza shule, kazi sina, ila mdomo ninao. Kaka yangu Rajabu alikaa mtaa wa pili na mke wake na watoto. Mvuvi, ana boti ya mashine.

Watu walikuwa wanavuka kwenda Kigoma, upande wa Tanzania. Unaamka asubuhi unakuta nyumba ya jirani kimya, kuku wanazunguka uani hawana mwenyewe. Hakuna aliyeaga. Kuaga ilikuwa hatari. Ukisema unaondoka, wezi wanajua nyumba iko tupu, na wenye bunduki wanakuuliza unamkimbia nani. Kwa hiyo watu walitoweka tu.

Rajabu alitaka tuvuke wote. Bibi akagoma.

Alishawahi kukimbia akiwa msichana mwenye mtoto mgongoni, akakaa ukimbizini miaka, akarudi. "Nilishakimbia mara moja, inatosha," alikuwa anasema. "Mimi sikimbii tena. Kama ni kufa, nitafia kwenye mukeka wangu."

Mimi siwezi kumuacha. Rajabu hawezi kuendelea kutusubiri na watoto wadogo. Basi kila akija ni ugomvi, na kila akiondoka Bibi anasonya.

Sasa hiyo safari ya Amerika ilitoka wapi?

Ukutani tulikuwa na kalenda ya zamani ya kampuni moja ya ndege, mtu alimletea Bibi kutoka Bujumbura. Ilikuwa na picha mbili tu, juu Rio, chini Buenos Aires. Ilikuwa inaziba ufa. Alasiri moja tumejifungia, milio inasikika upande wa juu, Bibi akanyanyua kidole.

"Hapa ni wapi?"

Nikamsomea. Akaangalia ile ya Rio muda mrefu. Mlima unashuka hadi kwenye maji.

"Kama kwetu," akasema. "Tukienda huko tutafikia kwa nani?"

Nikamwambia watu wanafikia hoteli. Eh! Alinitazama kama nimemtukana. "Hoteli ni ya mutu asiye na watu. Unaingia mujini kwa watu bila kujulikana na mutu hata mumoja, wewe ni mwizi?"

Ikabidi tutafute mwenyeji. Tukambuni mama mmoja wa Rio, muuza samaki, mjane kama yeye. Bibi akaamua tutampelekea mawese na ndagala wakavu, wale dagaa wetu wadogo. Nikamwambia ndege haibebi bidoni, yaani dumu, la mawese. Akasema basi hiyo ndege haina adabu.

Msicheke peke yenu, mimi nilicheka mpaka nikasahau milio ya nje.

Kuanzia siku hiyo ikawa ndiyo kazi yetu ya alasiri. Espérance, mtoto wa jirani yetu wa ukuta mmoja, akawa anakuja kusikiliza. Alikuwa binti wa miaka tisa hivi. Mama yake, Mama Espérance, ni Mkristo, watu wa asili ya Kongo, mumewe alikuwa mgonjwa wa kulala kitandani. Espérance ndiye aliyetaka tupande ule mlima. Bibi akasema mlima ataupandia nini wakati amezaliwa chini ya milima, yeye atakaa chini na mwenyeji wake wasafishe samaki.

Halafu akauliza kibla. Ukiwa Rio unaswali umeelekea wapi? Nikapiga hesabu zangu za shule, nikamwambia mashariki, kupita baharini. Akaridhika. "Bahari si kizuizi."

Rio tukaipa siku tatu. Buenos Aires ikapewa mbili tu, na sababu ni nyama. Nilimwambia watu wa huko wanakula ng'ombe kuliko watu wote. Akauliza nani anachinja. Sikujua. Basi akasema siku mbili zinatosha, tutakula ndagala wetu, tutaona majumba, tutasalimia, turudi.

Kati ya mji na mji alitaka twende kwa boti. Ndege mara moja inatosha, alisema, mtu asimjaribu Mungu mara mbili.

Tukafika hapo. Ratiba iko kamili.

Siku moja asubuhi watu wa upande wa Kigwena, kusini yetu, wakaanza kupita barabarani, wana magodoro kichwani, hawasemi kitu. Maana yake vita imetufikia. Rajabu akaja mbio. "Kesho asubuhi natoka. Mkija mje, msipokuja basi, mimi nina watoto."

Bibi akasema, "Nenda salama."

Hapo ndipo nilipopasuka. Sikuwahi kumpandishia bibi yangu sauti maishani. Nililia na kupiga kelele kwa pamoja. "Bibi, Rio uko tayari kuvuka bahari nzima, hapo Kigoma tu unakataa? Unataka nife na wewe?"

Nilidhani atanipiga. Kumbe naye alikuwa analia.

"Rio ninakwenda kutembea," akasema. "Mwenye kutembea anaaga. Watu wanamufungia impamba. Siku ile ya kwanza kukimbia nilitoka kama mwizi. Jirani yangu tulikuwa tunapika chungu kimoja, sikumwambia. Mpaka leo namuona anabisha mlangoni kwangu, na mimi siko."

Impamba, kwa wasiojua, ni chakula cha njiani. Kwetu msafiri hajifungii mwenyewe, anafungiwa na wanaobaki. Anayekimbia hana impamba, maana hakuna anayejua kama anaondoka.

Wakuu, miaka yote hiyo sisi tulidhani bibi ni mkaidi. Bibi alikuwa na aibu tu, na hakuna aliyemuuliza.

Nikamwambia Rajabu: tumwache Bibi aage watu kama msafiri. Rajabu akawaka. "Una wazimu? Mtaa mzima ujue? Mtatuuza wote!" Na alikuwa na haki, watu walishazuiwa ufukweni kwa maneno machache kuliko hayo. Lakini bila hivyo bibi hatoki, na mimi sitoki.

Nikaenda kwa Mama Espérance. Nikamwambia, "Mama, Bibi kesho anakwenda kutembea. Anakuja kukuaga."

Alinitazama. Hakuuliza wapi wala kwa nini. Akasema, "Ngoja nitwange karanga."

Mchana ule ule, jua linawaka, Bibi Tausi alivaa kitenge chake cha sikukuu akatoka. Aliingia nyumba baada ya nyumba, zile chache zilizobaki na watu. "Ninakwenda kutembea kidogo, siku tano. Mubaki na amani." Watu wakamjibu, "Urudi salama, Bibi." Wazee kwa vijana walijua. Hakuna aliyesema neno lingine. Wakaleta mihogo ya kuchemsha, ndizi, ndagala wa kukaanga, vikafungwa kwenye majani ya mgomba.

Alfajiri tulipokuwa tunafunga mlango, Mama Espérance akaja na karanga zake. Amemshika Espérance mkono, amemvalisha gauni la kanisani.

"Bibi," akasema, sauti ya kawaida kabisa, kama anaomba chumvi. "Kama ni kutembea tu, si muende naye? Mimi nimebaki na baba yake, hawezi kutembea."

Rajabu akaanza kusema boti imejaa. Bibi hakumgeukia.

"Aje," akasema. "Atanishika mukono."

Mama Espérance akamfunga mwanawe kitambaa kichwani, akakaza fundo, akalifungua, akalikaza tena. Akamwambia asimsumbue Bibi, aseme asante akipewa chakula, aswali asubuhi kwa dini yake. Akasema, "Nenda utembee, mwanangu. Mama anabaki nyumbani." Akasimama pale pale hadi tukakata kona.

Ufukweni hakuna aliyetuzuia. Sijui kama ni bahati au ni nini. Nyumba yetu wezi waliivunja siku ile ile, na Rajabu alinikumbusha jambo hilo miaka mingi.

Bibi alisema siku tano, zikawa miaka, kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Tanzania. Kambini aliyemwita mkimbizi alijibiwa kwa ukali kwamba yeye ni mgeni. Tuliporudi Rumonge baada ya vita, alikuwa mzee sana, anaona kwa jicho moja, lakini hakukubali kurudi mikono mitupu. Msafiri anarudi na zawadi. Kila nyumba aliyoiaga aliipelekea kipande cha sabuni kutoka Kigoma. Nyingine zilikuwa na wageni ndani, akawapa wao.

Kwa Mama Espérance hapakuwa na nyumba. Yeye na mumewe waliuawa katika vita ile ile, majirani walituonyesha walipozikwa. Espérance alikuwa msichana mkubwa tayari. Bibi akampa ile sabuni ya mama yake mkononi.

Espérance akaishika, akasema. "Bibi, wenzangu kambini, wengi wazazi wao wamepotea tu, hawajui waliwaona mara ya mwisho lini. Mimi mama aliniaga."

Bibi alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akalia kwa sauti. Espérance akakaa naye.

Nilichojifunza ni kwamba mtu akikataa kuondoka mahali pa hatari, msikimbilie kumwita mkaidi. Muulizeni ni nani ambaye yeye hakumuaga.

Haya wakuu, karibuni. Najua humu wengi mlitoka kwenu kwa haraka, Burundi, Kongo, Rwanda, hata mliohamishwa tu na maisha. Kama kuna mtu ulimuacha bila kumuaga, hata kama ni jirani tu, muage hapa chini. Nitasoma zote.