Niliacha soga nimalize sare za kwaya, Katoro ikaamini nimeenda kwa mganga

Wakuu, mwangaluka. Kwa wasio wa huku, hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na mbele mtaona kwa nini nimeanza nayo.

Nipo Katoro, Geita. Ni fundi cherehani. Ninayoandika hayana chumvi, maana mke wangu, Mama Minza, amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari, na ameshasema nikijipamba ataingia kwenye comments kuniumbua.

Naanza na ungamo. Mimi ni yule fundi mnayemjua nyote, yule wa "njoo Jumamosi". Ukija Jumamosi nakwambia bado vifungo tu, wakati kitambaa chako hata mkasi hakijauona.

Siyo uvivu jamani. Mbele ya fremu yangu kuna benchi. Huu ni mji wa dhahabu, na kila anayetoka machimboni lazima akae pale atoe taarifa: shimo la nani limetema, nani kanunua pikipiki, nani kafulia.

Na sisi salamu haikatwi. Ukisalimiwa unaulizwa nyumbani, ng'ombe, mvua za kwenu Kharumwa, mama mzazi na goti lake. Huyu akimaliza anakaa mwingine. Hapo simu nayo ina magroup saba. Ikifika saa nane mchana nimeshona kola moja.

Krismasi iliyopita nilishindwa kumaliza sare za kwaya ya kigango chetu. Nusu waliimba na sare mpya, nusu na vitenge vya kwao, na mpiga kinanda alivaa shati lisilo na kola. Nilikuwa kanisani. Nilitazama sakafu misa nzima.

Sasa mwaka huu Askofu anakuja kutoa kipaimara. Mwenyekiti wa kwaya, Mama Kulwa, mama mmoja wa maneno machache, akaniletea vitambaa vya sare ishirini na mbili. Akasema hii ni mara ya mwisho. Nikiharibu tena, anahamishia kazi kwa fundi wa Geita mjini na kigango kizima kitajua kwa nini.

Wakuu, hapo niliogopa gete, yaani kweli kweli. Katoro fundi akishatangazwa kanisani, hata shule hazimpi tena sare.

Nikaingia YouTube kutafuta namna ya kupata focus. Nikampata kijana mmoja wa suti, anaongea kama amekunywa soda tano. Nikachukua kipande cha boksi, nikaandika anayosema.

Amka saa kumi na moja alfajiri. Usiongee na mtu mpaka saa nne asubuhi. Zima simu. Usile asubuhi. Vaa nguo za aina moja kila siku ili akili isichoke kuchagua. Fanya kazi dakika ishirini na tano, kisha tembea dakika tano.

Nikasema potelea mbali, nafuata yote.

Simu nikaizika kwenye ndoo ya unga. Nikanunua fulana tano nyeusi zinazofanana. Benchi nikaliingiza ndani, cherehani nikakigeuzia ukutani. Kwa kuwa simu imezimwa, nikanunua gulioni saa ya mezani ya alamu. Muuzaji hakuniambia kwamba alamu yake inawika kama jogoo.

Basi kila dakika ishirini na tano jogoo anawika ndani ya fremu, natoka, nazunguka fremu mara tatu, narudi. Kila shati likiisha napiga mstari wa chaki ukutani.

Mbona kazi ilikwenda! Siku ya kwanza mashati mawili. Siku ya tatu nikawa natamani kupambazuke. Nilikuwa sijui kwamba asubuhi ni ndefu kiasi kile.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Watu waliacha kupita. Wiki ya pili mama muuza mihogo akiniona anavuka barabara. Watoto wa shule wakifika usawa wa fremu wanakimbia. Mimi nikajua wameheshimu ratiba yangu. Mjinga mimi.

Asubuhi moja, kama saa tatu hivi, Mama Kulwa akaja na wanakwaya wawili. Wakasimama barabarani, ndani hawataki. Akasema wamekuja kuchukua vitambaa.

Sasa mimi naongea saa nne. Nikamwonyesha vidole vinne kwa heshima, maana yake subiri saa nne. Wale wawili wakashikana mikono. Jogoo naye akachagua muda huohuo kuwika. Nikainuka kuzunguka fremu.

Niliporudi hakukuwa na mtu.

Mchana Mama Minza akarudi kutoka sokoni analia. Nilidhani kuna msiba. Akaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba nimechukua ndagu.

Kwa wageni: ndagu ni dawa ya utajiri. Inasemwa mganga anakupa masharti, labda usioge, usisalimiane, usibadili nguo, na ukiyavunja unakuwa kichaa. Huku machimboni kila aliyepata ghafla anasingiziwa hiyo.

Hebu nitazameni sasa. Nguo nyeusi ileile wiki mbili. Siongei. Sili mbele za watu. Jogoo ndani. Nazunguka nyumba mara tatu. Ukutani mistari ya chaki, na mtu hajui ninahesabu nini. Halafu namwonyesha mwenyekiti wa kwaya vidole vinne. Sokoni walishakubaliana ni wanne wa sauti ya kwanza ndio watakaotolewa kafara.

Ningekuwa mimi pia ningekimbia.

Lakini iliniuma, wakuu. Mke wangu sokoni dagaa zake zilikuwa zimelala siku mbili, watu wanapita meza yake bila kuuliza bei. Hapo sikucheka.

Jioni nikaenda mazoezi ya kwaya kujieleza. Nikaeleza YouTube, nikaeleza dakika ishirini na tano, nikaonyesha na boksi langu. Hilo boksi ndilo lililonimaliza. Yameandikwa masharti, tena kwa mwandiko wangu.

Mama Kulwa akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kama si masharti, yavunje. Kesho saa moja, tuone."

Kesho yake nikakuta mtaa mzima. Masanja, jirani yangu mchimbaji, alikuwa amewasha pikipiki tayari kunikimbiza hospitali nikianza kuchizika.

Nikavaa shati la njano la shemeji, lina maua. Nikanywa uji bakuli mbili hadharani. Mama Minza akaleta ndoo ya maji na sabuni, nikaoga na kaptura yangu mbele ya fremu, akinisugua mgongo kwa hasira zote za wiki ile. Kisha wakanisalimia. Mmoja mmoja. Mwangaluka, mhola, nyumbani, ng'ombe, goti la mama. Watu kama arobaini. Nikaitikia zote.

Wakasubiri niwe kichaa.

Jogoo akawika ndani, watu wakatawanyika, mama muuza mihogo akaacha kiatu kimoja. Nikaingia nikatoka na saa mkononi. Mama Kulwa akaichukua, akaigeuza, akabonyeza. Ikawika. Akabonyeza tena. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka. Alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu akaingia ndani. Sare ishirini na mbili zilikuwa zimetundikwa, na hapakuwa na kilichobaki, hata vifungo. Ilikuwa bado siku sita Askofu afike. Akashika shati moja, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wote. Kicheko kikaisha.

Akasema taratibu, "Baba Minza, kumbe miaka yote hii uliweza?"

Wakuu, hadi leo hilo swali ndilo linaloniamsha saa kumi na moja, siyo jogoo.

Maana nilikaa nikawaza. Wale watu wananifahamu miaka kumi. Iliwawia rahisi kuamini nimekwenda kwa mganga kuliko kuamini kwamba fundi wao amemaliza nguo kabla ya siku. Siwalaumu. Mimi ndiye niliyewafundisha.

Siku ya kipaimara walipendeza. Mpiga kinanda alikuwa na kola.

Siku hizi nimepunguza ushamba. Fulana nyeusi nimegawa, chai nakunywa. Benchi nimelirudisha nje: saa moja mpaka saa mbili kasorobo nakaa pale nasalimiwa mpaka basi, goti la mama na kila kitu. Baada ya hapo naingia ndani, simu kwenye unga mpaka saa nne, na mtaa unajua. Nimegundua watu hawali muda wako ukiwapa wao kwanza sehemu yao.

Niliyojifunza ni hayo tu. Kazi moja mpaka iishe, na waambie watu unafanya nini kabla hawajajiambia wenyewe.

Ila kuna mmoja hakuamini hata baada ya kuoga kwangu. Masanja. Wiki iliyopita alinivuta nyuma ya fremu, akasema wale akina mama nimewaweza, lakini yeye ni mwanamume mwenzangu, nimwelekeze tu kwa huyo mganga.

Nikamwambia ukweli wote. Amka mapema, zima simu, shika kazi moja usiiache.

Akafikiri sana. Akasema, "Kutooga mwaka mzima naweza. Hilo la simu, hapana, ni sharti gumu mno."

Haya wakuu, nanyi semeni ni sharti gani limewashinda. Nitasoma kuanzia saa nne. Nikikaa kimya kabla ya hapo, tafadhalini msiniletee pikipiki.